Kumpigia Salha Hodi

Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi aliyekaa leo kwenye benchi la kliniki ya macho, mtoto amemlalia begani, akisubiri faili lake liitwe. Nimekaa kwenye benchi hilo. Najua linavyobana nyuma ya magoti, na najua jinsi mtu anavyosoma bango moja la ukutani mpaka maneno yanaacha kuwa na maana. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Madaktari watakueleza, na usipoelewa, uliza tena. Nitaeleza jambo ambalo sikulikuta limeandikwa mahali popote: yaliyotukuta nyumbani baada ya kuambiwa kwamba mtoto amepona.

Nauza vifaa vya ushonaji Kariakoo: vifungo, zipu, nyuzi, lastiki, lesi. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kamusi, na kwa tabia ya kutopita karatasi yenye maandishi bila kuisoma. Nilikuwa nimeshavuka arobaini nilipompata Salha, na sikupata mwingine.

Tunaishi katika nyumba ya Kiswahili ya familia ya mume wangu, Shabani. Ukumbi mrefu unapita katikati, na mwisho wake ni uani, penye jiko, bomba na choo. Upande mmoja, kuanzia uani, ni chumba chetu, kinafuata cha Mzee Kondo, mpangaji wetu anayeshona viatu, kisha cha Mama Neema, mwenyeji wa Songea, anayepika chapati na maharage na kuwauzia wenye maduka. Upande wa pili kuna stoo, na mbele kabisa, karibu na mlango wa barabarani, chumba cha mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi. Watu hao ndio watakaotajwa humu.

Ilianza kwa picha. Sikukuu ya Idi, Shabani alimpiga Salha picha kwa simu, ndani, akiwa na gauni jipya. Jicho moja lilitoka jekundu, kama macho yanavyotoka mara nyingi kwenye picha za namna hiyo. La pili lilitoka jeupe, linang'aa kama kijisahani. Nikafuta kioo cha simu kwa upindo wa khanga, tukapiga nyingine. Weupe ulikuwa pale pale. Salha alikuwa hajatimiza miaka miwili. Wiki iliyofuata tukaambiwa ni saratani, na kwamba iko katika macho yote mawili.

Miezi iliyofuata kwetu haikuwa Oktoba wala Novemba. Ilikuwa dripu ya kwanza ya dawa ya saratani, dripu ya pili, ya tatu. Dripu ya kwanza ilitukuta kwenye mvua za vuli. Tulifika hospitali tumeshika viatu mkononi. Kabla ya ile ya tatu, nywele zake zilianza kubaki kwenye mto, na nikamshonea kofia ya pamba isiyo na mshono wa kumkwaruza. Jicho la kushoto liliondolewa wakati wa joto, siku ambazo feni ya wodini ilikuwa inazungusha joto tu. La kulia walijaribu kuliokoa, kisha likaondolewa pia, masika ilipoanza.

Siku ya jicho la pili nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha upasuaji pamoja na mama mmoja kutoka Lindi, ambaye mwanawe alikuwa ameshapita njia hiyo. Alinimiminia uji kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai.

"Kunywa, mwenzangu," akasema. "Jicho linaondoka, mtoto anabaki. Shika hilo. Mengine utayakuta nyumbani."

Nikanywa, nikashika. Na kweli mengine niliyakuta nyumbani.

Kabla ya kuugua, Salha alikuwa anakimbia ukumbini na kupiga milango ya watu kwa kijiko. Aliyerudi kutoka hospitali alikuwa anakaa kwenye mkeka, kidevu kimegusa kifua, ngumi amezifumba, anayumba mbele na nyuma. Ukimwekea kitu mkononi, anavuta mkono kama umeungua. Ukimsimamisha, anakunja miguu. Maneno yalikuwa yamempotea, likabaki moja, "basi", nalo alilizoea hospitali, kuwaambia wenye sindano.

Nyumba nzima ilimpenda. Nalisema hili mwanzo ili lieleweke. Bi Mwanaidi alimfunga mbeleko tangu asubuhi, na akichoka, anampokea mwingine. Mzee Kondo akirudi kazini anamnyanyua na kumbusu utosini. Mama Neema akipita na sinia anamchomekea kipande cha chapati mdomoni. Majirani walioingia kutoa pole walimshika mashavu. Wote wanafanya kimyakimya, kwa huruma, kama watu walio kwenye chumba cha mgonjwa, na neno linalosikika ni moja tu juu ya kichwa chake: masikini.

Kliniki kulikuwa na mwalimu wa watoto wadogo wasioona, Mwalimu Stella. Siku ya kwanza hakunipa ushauri wowote. Alivua viatu, akakaa sakafuni karibu na Salha, na kwa muda mrefu akawa anasugua sakafu kwa kiganja, taratibu, mpaka Salha akaacha kuyumba na kusikiliza. Ndipo akaniambia mambo ambayo niliyarudia kichwani njia nzima. Umwambie kabla hujamgusa. Usimshike mkono ukamlazimisha kugusa kitu. Weka mkono wako chini, wake uwe juu, aondoe akitaka. Umpe vitu vya kweli, sufuria na unga, kabla ya midoli. Na kila kitu kiwe na mahali pake.

"Fikiria chakula," akasema. "Wewe unaona sufuria, unaona mwiko, unajua kinakuja. Yeye kwake chakula ni kitu kinachotokea mdomoni. Na atatembea, mama. Ila mtu hatembei kwenda mahali ambapo hapajui."

Nilirudi nimebeba maneno hayo kama mtu aliyebeba mayai. Jioni hiyohiyo nilimshusha Salha mgongoni kwa bibi yake, nikamsimamisha ukumbini, mgongo ukutani. Alilia kwa sauti iliyowatoa watu wote vyumbani.

"Macho hana," Bi Mwanaidi akasema, "na miguu nayo unataka aivunje?"

"Mama, akibebwa kila siku hatatembea."

"Asitembee! Nani amemtuma sokoni? Mimi nipo, nitambeba. Wewe na vitabu vyako, mtoto ametoka kwenye visu juzi!"

Nilimtazama Shabani anisaidie. Alikuwa anatazama sakafu. "Mama Salha," akasema, "punguza kidogo."

Baada ya siku chache Bi Mwanaidi alituita chumbani kwake. Dada yake yuko Bagamoyo, ana nyumba kubwa, pametulia, hakuna pikipiki wala mikokoteni. Alitaka ampeleke Salha huko, wakakae naye wote wawili. "Akae tu," akasema. "Apumzike. Wewe una duka, mwanangu ana kazi zake. Mnamtesa kwa kutaka awe kama wengine."

Sikumchukia kwa kusema hivyo. Lakini neno "akae tu" lilinipanda kichwani. Nilimwona Salha ana miaka kumi, ana miaka ishirini, amekaa kwenye mkeka wa Bagamoyo, ngumi amezifumba, watu wema wanamlisha. Nikasema hapana. Shabani akasema tusigombane, tumpe muda. Mwisho wakakubaliana, mama na mwana: Idi ikipita, kama Salha bado anakaa tu, atakwenda na bibi yake. Ilikuwa kama miezi mitano mbele. Niliitazama hesabu hiyo kama ninavyotazama nguo ya kukabidhi Ijumaa: haibishaniwi, inashonwa.

Nilianza kwa kuwaomba watu waseme kabla ya kumgusa. Walikubali wote kwa moyo mmoja, na wakasahau wote. Mzee Kondo alikuwa anabusu kwanza, halafu anajipiga paji la uso: "Lo! Nimesahau tena!" Na kila mtu aliposahau, niliziona ngumi za Salha zikizidi kukaza. Kwake sindano na busu vilikuja kwa njia ileile, kutoka hewani.

Kilichobadilisha nyumba hakikutoka kwangu. Kilitokana na mteja wa viatu.

Mchana mmoja mwanamume mmoja aliingia kutafuta kandambili zake, akakosea mlango, akafunua pazia la Bi Mwanaidi bila kusema neno. Mama mkwe alikuwa anabadili nguo.

"We! Huna hodi? Umezaliwa sokoni?"

"Samahani bibi, namtafuta fundi viatu."

"Fundi viatu umesikia analala kitandani kwangu?"

Yule mtu alitoka mbio, tena bila kandambili zake. Kutoka uani Mama Neema alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. Lakini nilipoingia, Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kitandani, khanga ameikaza kifuani kwa mikono miwili.

"Moyo unanidunda," akasema. "Mtu ananitokea hivihivi! Nyumba ya watu!"

Salha alikuwa kwenye mkeka miguuni pake, amejikunja kwa makelele. Nilisema bila kupanga: "Mama, yeye wanamtokea hivyo kutwa."

Akainama kumchukua mjukuu wake, kama alivyozoea, na mkono ukasimama njiani. Ulikaa pale hewani, na bangili zake zikatulia.

"Hodi," akasema.

Salha aliacha kuyumba.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ya chini. Kisha mara ya tatu. Hakuna jibu. Na mwanamke huyu, aliyekuwa hajawahi kunisikiliza jambo hata moja kuhusu mtoto, akarudisha mkono wake pajani. "Amekataa," akasema. "Hodi tatu, mwenyewe hajakaribisha, mgeni anarudi. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya nyumba, na askari wake akawa Bi Mwanaidi. Nilichoomba kwa wiki nyingi yeye alikipata kwa asubuhi moja, kwa sababu hakuna mtu mzima Kariakoo anayetaka kuambiwa hana hodi. Majirani walizuiwa mlangoni: "Usimguse! Hodi kwanza." Mzee Kondo alikuwa anasimama mbele ya mkeka na viatu vya watu mkononi, anapiga hodi tatu kwa sauti yake nzito, anasubiri, kisha anatangaza: "Mwenye nyumba leo hapokei wageni. Naenda zangu." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naangalia ngumi, na niliona zinalegea.

Jibu la kwanza lilitoka baada ya kipupwe kuanza, na alipewa Mzee Kondo. Alipiga hodi ya pili tu.

"Kalibu," Salha akasema.

Mzee alidondosha kiatu. Hakujua afanye nini, maana alikuwa amezoea kufukuzwa. Mwishowe akamnyooshea kidole kimoja, akakiacha chini ya mkono wake. Salha alikigusa, akakuta sugu ya sindano ya viatu, akaipapasa kwa muda. Mzee wa watu alisimama ameinama vile mpaka mgongo ukamuuma.

Baada ya hapo kazi ilianza hasa. Nilimpeleka uani kwa Mama Neema, mikono yangu chini, yake juu, tukashika unga mkavu, kisha unga uliolowa, kisha donge. "Dada, ataungua!" Mama Neema alikuwa anasema kila mara, na kila mara anasogeza jiko mbali zaidi na kumkatia donge kubwa zaidi. Siku Salha alipokula chapati aliyoikanda mwenyewe, nene kama sabuni, aliipapasa kwanza pande zote kabla ya kuiuma. Mteja mmoja aliomba auziwe. "Hiyo haiuzwi," Mama Neema akamwambia. "Mpishi wake hajapanga bei."

Milango niliivalisha vitu kutoka dukani. Kwenye kila mwimo wa mlango, usawa wa kifua cha Salha, nilipigilia mkanda wa turubai. Chumba chetu kina vifungo vikubwa vya koti, nimevishona kwa uzi wa viatu ili visitoke na kuingia mdomoni. Cha Mzee Kondo kina zipu ya kufungua na kufunga. Cha Mama Neema lastiki pana, inayovutika. Nilipomuuliza Bi Mwanaidi anataka nini, akasema, "Lesi. Lakini isiwe ile ya bei rahisi." Tulipita ukutani asubuhi na jioni, mimi na Salha, yeye amesimama juu ya miguu yangu mwanzoni, baadaye mbele yangu, baadaye ameshika kidole changu. Tulijifunza kwamba mbele ni vipaza sauti vya wauza nguo, na nyuma ni mafuta yanayochemka.

Lakini kunishika kidole sio kutembea. Nikimwachia, anakaa chini. Na Bi Mwanaidi, akishakaribishwa, alikuwa anambeba kama zamani. "Nimepiga hodi, nimekaribishwa," ananiambia, mbeleko tayari. "Unataka nini tena?" Safari ya Bagamoyo ilikuwa palepale.

Katikati ya Ramadhani tulirudi hospitali kwa kliniki. Muuguzi wa kutoa damu, dada mchangamfu lakini mwenye foleni ndefu, alimshika Salha mkono na kuanza kuusafisha. Salha akauvuta.

"Hujapiga hodi," akasema.

Benchi zima lilimsikia. Muuguzi alinitazama, nikainua mabega. "Haya, hodi," akasema.

"Sijasema karibu."

Mama mmoja alicheka mpaka akajifunika ushungi. Muuguzi alisubiri, foleni na yote. Baada ya muda Salha akanyoosha mkono mwenyewe, uso umekunjamana. "Karibu. Haraka." Alilia sindano ilipoingia, kama mtoto yeyote. Lakini safari hii neno "basi" hakulitumia. Shabani naye alikuwa pale siku hiyo. Njiani kurudi alimshika mwanawe mkono badala ya kumbeba, akaenda mwendo wake, na watu wa nyuma yetu wakapiga kelele tupishe njia. Hakupisha.

Siku ya Idi, watoto wa mtaa walianza mapema kupita mlango kwa mlango na nguo zao mpya, wanadai mkono wa Idi. Salha alikuwa amekaa mlangoni kwetu, gauni jipya, vifungo amevichagua mwenyewe kwa vidole. Aliwasikia wakiingia, hodi, karibu, kicheko, karatasi za pipi, wanatoka. Walipoondoka, ukumbi ukatulia.

"Mama," akasema. "Na mimi."

Nilianza kunyoosha kidole, nikakirudisha. "Haya. Nenda."

Alisimama kwa kushika vifungo. Alikaa navyo muda mrefu, anahama kimoja hadi kingine, kisha akaweka kiganja ukutani, akaenda. Zipu. Aliifungua, akaifunga.

"Hodi."

"Nani?" Mzee Kondo akajibu kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi wako wengi Kariakoo."

"Mimi Salha!"

"Aa, mwenye nyumba mwenyewe! Karibu." Alitoka na pipi mkononi, na macho hakuyafuta.

Lastiki. Mama Neema alikuwa ameshafunua pazia. "Idi yenu, chapati yangu," akasema, akampa moja ndogo, imekunjwa.

Ukuta wa upande ule uliishia hapo. Mlango wa Bi Mwanaidi uko ng'ambo, na katikati ni ukumbi mtupu, usio na kitu cha kushika. Salha alisimama pembeni ya mlango wa Mama Neema, pipi mkono mmoja, chapati mkono mwingine. Sote tulikuwa tumetoka, tumenyamaza kwa kumwogopea, na nilielewa kwamba kimya chetu ndicho kilichomfungia njia. Hakujua bibi yuko wapi. Akaanza kukunja miguu ili akae. Nilikuwa nakaribia kwenda.

Ndipo nyuma ya pazia la mbele tukasikia kikohozi. Sio cha ugonjwa. Ni kile mtu anachokohoa akiwa chooni, kumjulisha anayekuja kwamba pana mtu. Kikatulia, kikarudia. Salha alielekeza uso kule. Akapiga hatua, akayumba, kikohozi kikamwita tena, akapiga nyingine. Aliifikia lesi kwa paji la uso kabla ya mikono.

"Hodi!"

"Karibu, mke mwenzangu," Bi Mwanaidi akasema.

Nilimfuata hadi kwenye pazia. Mama mkwe wangu alikuwa ukingoni mwa kitanda, amekalia mikono yake yote miwili. "Usinitazame," akaniambia. "Ningeiacha huru, ningemfuata kumbeba." Mkoba wa Bagamoyo ulikuwa umeshafungwa, uko sakafuni. Salha aliugonga kwa mguu, akainama, akaupapasa kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa vimejaa, kisha akageuka na kuukalia.

"Mkono wa Idi," akasema.

Bi Mwanaidi alikwenda Bagamoyo wiki iliyofuata, peke yake, kumwona dada yake. Salha alimsindikiza mpaka barazani, kiganja ukutani.

"Ukirudi," akamwambia, "piga hodi."